Nzau Aliyekataa Pesa ya Mafuriko

Kama hujawahi kula mbavu za mbuzi zilizogeuzwa na Nzau pale soko la Burma, Nairobi, basi nyamaza watu wazima wakiongea mambo ya nyama. Wachomaji pale ni wengi, kila mmoja na moshi wake na maringo yake, lakini Nzau alikuwa na mkono. Mguu wa mbuzi aliuweka mbali na moto mpaka mafuta yaanze kutoka yenyewe, chumvi aliitia kwa maji wala si kwa vidole, na mteja akianza kugonga meza alimwambia, "Mzee, mbichi iko hapo dirishani, beba." Wakubwa wenye tai walicheka, wakangoja kama watoto wa shule.

Ungedhani mtu wa ufundi kama huo ana lake. Hana. Bucha ya wenyewe, jiko la wenyewe, hata kisu kilikuwa cha wenyewe. Chake kilikuwa koti moja la kazi lililoacha kuwa jeupe zamani, na chumba Buruburu, mtaa wa wenye mishahara. Na ukisikia Buruburu usianze kupiga picha ya sofa na pazia. Ni chumba kilichobandikwa nyuma ya nyumba ya Jecinta, mama aliyestaafu serikalini, mabati juu na mabati ubavuni, ukifungua mlango unapigwa usoni na nguo za watu zilizoanikwa. Mvua ikinyesha redio unaizima tu, hakuna haja. Lakini Buruburu ni Buruburu. Mtu akikuuliza unaishi wapi, ukamjibu "Buruburu", hakuna anayeuliza kama ni mbele au ni nyuma. Nzau aliuona huo mwanya akapita nao mzimamzima.

Hasa kwao. Kwao ni Ivumbu, huko Ukambani, kijiji kilicholala kando ya mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga wa kuchotwa na malori. Mke wake, Kanyiva, alikuwa huko akilima ndengu na mahindi na kumlea binti yao, Koki. Nzau alienda nyumbani Krismasi tu, lakini alivyoenda, jamani!

Mvua ikianza kunyesha mwezi wa kumi, yeye anaanza kufunga mkanda. Chai ya rangi asubuhi, ugali na supu ya mabaki jioni, kinyozi anamkimbia. Desemba ikifika anakodi gari la Noah pamoja na dereva, na dereva anapewa masharti: usiongee sana, na ukiongea uniite bosi. Kisha wanapitia Kiamaiko kununua mbuzi. Sasa hapo ndipo ujue binadamu. Mbuzi wa Kiamaiko hawaoti Kiamaiko. Huyo mbuzi alikuwa amepandishwa lori huko huko Ukambani, pengine ng'ambo tu ya mto wa Ivumbu, akaja Nairobi amesimama njia nzima. Nzau anamnunua kwa bei ya Nairobi, anampakia ndani ya Noah, anamrudisha kwao.

Githinji, mkata nyama aliyefanya kazi naye Burma, alipoona hayo mara ya kwanza alishika kiuno.

"Nzau, kwani hii mbuzi inaenda likizo?"

"Wewe mtu wa Nyeri huwezi elewa," Nzau akamjibu. "Mbuzi ya kijijini ni mbuzi tu. Mbuzi imetoka Nairobi na gari, hiyo ni mgeni."

Na kweli, Ivumbu nzima ilitoka kumtazama mgeni akishuka. Vijana walimchinja, wakamchoma, na walimchoma vibaya, nje makaa ndani damu. Nzau alikaa kwenye kiti ndani ya suti ya kijivu akiangalia nyama ikiuawa mara ya pili, mikono ikimwasha mpaka anaikalia. Hakuwahi kuinuka kugeuza hata ubavu mmoja. Angegeuza, mtu angeuliza, "Bwana Nzau, hiyo umejifunza wapi?" Wakimuuliza kazi, alisema yuko kwa mambo ya nyama. Uongo hapo uko wapi?

Na Kanyiva? Kanyiva alijua pesa anayotumiwa ni kidogo na inakuja ikichechemea. Akiuliza, aliambiwa imefungwa kwa biashara. Akisema angependa siku moja kuja kuona hiyo nyumba ya Buruburu, aliambiwa kuna mafundi. Mafundi hao walikaa miaka. Nyumba iliyotengenezwa muda huo wote ingekuwa imeshapita ikulu.

Basi mwaka ule masika ikaja kwa hasira. Nzau alikuwa akigeuza mbavu simu ilipolia.

"Baba Koki, mto umekuja."

"Umekuja wapi?"

"Umekuja shambani. Umechukua ndengu, umechukua mahindi, umechukua hata udongo. Nimesimama hapa naona mawe, sikujua tuko na mawe."

"Pole sana, Mama Koki. Wewe na mtoto mko salama?"

"Tuko salama. Tutakula usalama?"

Mbavu za mteja ziliungua siku hiyo, jambo ambalo Burma walilizungumzia wiki nzima.

Majuma yakapita, serikali ikatangaza kwamba wakulima waliopoteza mazao kwa mafuriko watalipwa kitu cha kuwasimamisha tena, nacho kitatumwa kwa simu. Ivumbu waliingia kwenye mpango huo. Lakini ili wajanja wasijiandike na babu zao waliokufa, majina yote yangesomwa barazani mchana kweupe, na kila jina likisomwa watu waulizwe, huyu apate au asipate? Jirani ndiye mwamuzi. Utaratibu mzuri sana huo, mpaka siku jirani ana jicho lake.

Kanyiva akapiga tena. "Alhamisi wanasoma majina. Langu liko. Lakini tayari kuna maneno."

"Maneno gani?"

"Ati mimi ni bibi ya tajiri."

Nzau, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichosikia kifuani ni utamu. Kikavimba kidogo, halafu ndipo akakumbuka kuhuzunika.

"Njoo useme na mdomo wako," Kanyiva alisema. "Mimi nikisema wanacheka. Wewe ukisimama wataniachia. Sina mbegu, Baba Koki. Vuli ikianza nitapanda nini, mate?"

"Nakuja."

"Na usikuje na gari."

Alikata simu, na Nzau akabaki ameishika. Hayo maneno ya mwisho yalimwambia kwamba mwanamke alikuwa amehesabu zamani, akanyamaza tu kwa heshima.

Githinji alipoelezwa, aliweka panga chini. Yeye huwa haweki panga chini. "Sasa ugumu uko wapi? Vaa hiyo koti yako ya kazi, simama, uwaambie, mimi ni mchoma nyama, sina kitu. Watu wanusie hata moshi. Dakika mbili umemaliza."

"Nitasema."

"Usipige hotuba."

"Githinji, nimesema nitasema."

Alhamisi alfajiri akapanda basi na sweta yake ya kila siku, imetoboka kiwiko. Suti aliikunja kwenye mfuko wa plastiki. Ya nini? Alijiambia ni ya akiba, pengine kutakuwa na kanisa. Barazani kanisa! Njia nzima alikuwa akirudia maneno yake midomo ikicheza, mpaka mama aliyeketi naye akasogeza mtoto upande wa pili.

Aliposhuka njia panda ya Ivumbu, watu walikuwa wakielekea barazani kwa vikundi. Wanawake wawili walimkaribia, hao hao waliokula mbuzi wake Krismasi na kubeba mifupa nyumbani. Nzau akafungua mdomo kuwasalimia. Wakampita. Si kwa ubaya, hawakumuona. Waliona mzee mwenye sweta mbovu na mfuko wa plastiki, na wazee wa namna hiyo Ivumbu ni wengi kama mawe. Mmoja hata aligeuka kidogo, akatazama kama mtu anayejaribu kukumbuka, kisha akaendelea na hadithi yake ya kuku.

Hapo ndipo Nzau alipokufa, ukitaka kujua. Mengine yote yalikuwa mazishi. Alizunguka nyuma ya kibanda cha mchuuzi mmoja, akatoka amevaa suti.

Naibu wa chifu alikuwa Wathome, mtu mnene wa furaha, anayependa baraza kama wengine wanavyopenda pombe. "Bwana Nzau!" alipaaza sauti kutoka mbali. "Mtu wetu wa Buruburu! Leteni kiti hapa!" Watu wote walikuwa wameketi nyasini. Nzau akakalishwa mbele karibu na Wathome, akafunguliwa soda. Kanyiva alikuwa amenyoosha miguu juu ya leso, upande wa wanawake. Alimtazama mume wake kutoka viatu mpaka kola, kisha akatazama chini.

Majina yakaanza. Mjane mmoja, Mbeti, akasomwa. "Apate!" watu walijibu kwa sauti moja. Akasomwa mzee mwenye punda. "Asipate! Kijana wake ni polisi!" Mzee akasimama akalia kwamba huyo polisi hajawahi kumtumia hata sabuni, watu wakabishana, akaachiwa apate. Kwa hivyo ilikuwa inawezekana. Mtu alisimama, akajianika, akapewa. Nzau aliyaona hayo kwa macho yake.

"Kanyiva wa Nzau," Wathome akasoma.

Kicheko kikaanzia nyuma. "Huyo?" mzee mmoja akasema. "Hata mbuzi wake hupanda gari!"

Baraza likavunjika mbavu. Wathome akajipangusa machozi. "Haya, haya, tuheshimiane. Kwa bahati mwenyewe tuko naye. Bwana Nzau, simama useme. Mama apate au asipate?"

Nzau akasimama. Maneno alikuwa nayo, machache, mepesi: mimi ni mchoma nyama, sina gari, sina nyumba. Yalikuwa hapo juu ya ulimi. Lakini alipoinua macho aliona nyuso zile zote zimeinuliwa kwake, na zile za wanawake wawili wa njiani zikiwemo, sasa zinamjua, zinamchekea. Zilikuwa zinangoja kitu kikubwa kutoka kwake. Hajawahi kuzinyima.

"Watu wangu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikampendeza. "Pesa hii ni ya walioumia. Sisi Mungu ametuangalia. Kateni jina la mke wangu, mwandike mtu mwenye shida."

Vigelegele! Vijana walipiga mluzi. Wathome alimshika mkono kwa mikono miwili. "Hawa ndio watu! Hawa ndio viongozi tunataka!" Kuna mtu hata alimwita mheshimiwa. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko nyama yoyote aliyowahi kuonja. Kwa muda ule mfupi aliamini kabisa kwamba ametoa kitu.

Kanyiva hakupiga makofi. Alikunja leso yake polepole, pembe kwa pembe.

Nyumbani alimpa uji, akakaa mlangoni akimpa mgongo.

"Ulikuja na basi," alisema.

"Ndiyo."

"Ukashuka, ukavaa hiyo."

"Mama Koki, nitatuma mbegu. Nikifika tu Nairobi."

"Mbegu za nani?"

Nzau akanywa uji.

Haya, alirudi Burma. Githinji akamuuliza ilikuwaje, akasema ilienda vizuri. Alikopa huku na huku, akatuma kitu. Kikatosha mistari michache ya ndengu kwenye kile kipande mto ulichosahau, nayo ikachipua kidogo, ikamalizwa na ndege. Mwezi huo huo simu zikaanza kulia Ivumbu, moja baada ya nyingine, pesa ya serikali imeingia. Watu waliimba njiani. Jioni Mbeti mjane alikuja kwa Kanyiva na unga kwenye bakuli.

"Mama Koki, nimekuja kushukuru. Nyinyi mlituachia."

Kanyiva akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Ungemwambia nini mjane wa watu? Akapika huo unga, Koki akala. Unga ulipoisha alimpeleka msichana kwa shangazi yake, akafunga nyumba na waya, akapanda basi.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani. Aliuliza njia mpaka akafika kwa lango la Jecinta, begi begani, vumbi mpaka kope. Jecinta akatoka na kitambaa cha kanisa kichwani.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Mimi ni bibi ya Nzau. Mwenye nyumba."

Jecinta hakucheka, na kwa hilo apewe sifa zake. "Mwenye nyumba ni mimi, mama," alisema taratibu. "Nzau ni yule wa huko nyuma. Pita hapa kando, chunga maji ya nguo."

Nzau alikuwa ameinama kwenye karai akifua koti la kazi. Aliinua kichwa. Kanyiva alisimama akatazama mabati, kitanda, jiko la mafuta ya taa, suti kwenye msumari. Alitazama kila kitu na muda wake, hakuruka kitu.

"Mafundi walimaliza?" aliuliza.

Hiyo tu. Hakupiga kelele, hakulia, hakumpa mtu hata nafasi ya kuomba msamaha, maana msamaha unaombwa mahali kuna vita. Alivua viatu akauliza maji yako wapi.

Siku chache baadaye Githinji, aliyekuwa ameshajua yote bila kuambiwa, alimtafutia Kanyiva kazi ya kuosha matumbo nyuma ya mabucha. Basi wakawa wote Burma, mume mbele motoni, mke nyuma kwenye ndoo. Asubuhi walitembea Barabara ya Jogoo pamoja, Kanyiva hatua kadhaa mbele. Mama mmoja aliyeosha naye matumbo akamuuliza siku moja, "Yule mchomaji ni mzee wako?"

"Namjua," Kanyiva akasema. "Ni mtu wa kwetu."

Nzau alikuwa karibu na bomba akijaza jagi. Alisikia. Jagi likajaa likamwagika.

Na huko Ivumbu? Huko hadithi ilikuwa imenenepa. Kanyiva amehamia Buruburu! Ati ameota mashavu, ati anapikiwa, ati shamba wameliacha liwe kichaka kwa sababu shida ya ndengu hawana tena. Mtu akijenga ghorofa kwenye vichwa vya watu, halihitaji saruji.

Kisha ikasikika kuna malipo ya pili, ya wale walioachwa nje mara ya kwanza. Kanyiva alisikia kutoka kwa Koki, aliyempigia kwa simu ya shangazi. Mchana ule, biashara ikiwa imelala, alimpigia Wathome, simu akaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Nzau na Githinji walikuwa hapo.

"Mama Koki!" Wathome alishangilia. "Mtu wa Buruburu! Mmetutupa!"

"Naibu, naomba jina langu liandikwe safari hii. Sisi hatuna kitu. Mimi naosha matumbo huku sokoni. Mzee anachoma nyama ya wenyewe. Tunalala chumba cha mabati."

Kanyiva akainamia simu. Halafu Wathome akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshiba vizuri.

"Mama, mama. Matajiri nyote mnaongea hivyo hivyo pesa ya bure ikitokea. Waachieni na wengine."

"Nipe," Nzau alisema.

Kanyiva hakumpa. Aliiacha hapo juu ya ubao, Nzau akainama mwenyewe. Na akasema. Alisema yote, bila hotuba: bucha si yake, Noah ilikuwa ya kukodi, mbuzi alinunuliwa kwa njaa ya miezi, siku ya baraza alishuka basi na sweta akabadilisha nyuma ya kibanda. Alisema mto uliwamaliza kweli. Alisema mke wake amekonda. Githinji aligeukia ukuta. Nzau alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa amebakiza neno.

Kwenye simu Wathome alikuwa akikohoa kwa kucheka. "Mheshimiwa! Ati nyuma ya kibanda! Wewe ungekuwa redioni! Sasa sikia, Desemba tunajenga kanisa, mgeni wa heshima ni wewe, tumeshaweka jina kwa kadi. Usituangushe." Akakata.

Mteja alikuwa ameingia mbele, anagonga meza. Kanyiva alijifuta mikono kwa nguo, akachukua simu yake, akaiweka kifuani.

"Enda ugeuze nyama," alimwambia. "Inaungua."